28 si kubwa kuliko 19? Jibu kuhusu mwanga unaopotea kwenye faiba

Dada mmoja wa Kimara, Dar es Salaam, anayeendesha steshenari kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, ameniandikia. Nimefupisha kidogo:

"Fundi alipotufungia faiba mwaka jana alipima, akasema ni 19, iko vizuri. Mwezi huu intaneti inakatika mara tano, sita kwa siku. Taa nyekundu ya LOS (ile inayosema mwanga haufiki) inawaka, inazima, na wateja wanaondoka fomu zao zikiwa nusu. Amekuja fundi mwingine, kapima, kasema ni 28, na kwamba mwanga unapotea kwa sababu nipo mbali na mtambo wao, kama kilomita 6. Mimi sielewi. 28 si kubwa kuliko 19? Na hizo desibeli ni kitu gani, kwa nini wasiseme tu asilimia? Hapa nyumbani hatujagusa kitu, zaidi ya kupaka rangi ukumbini na kusogeza kabati la TV."

Dada yangu, hilo la kabati umelitaja mwishoni kama kitu kisicho na maana, na mimi ndilo lililonikalisha kitako. Tutalirudia. Kwanza tuzimalize namba. Faiba ni uzi mwembamba wa kioo unaobeba intaneti kwa mwanga, na namba hizo ni za nguvu ya mwanga huo ukifika kwako.

Mafundi wetu wana tabia ya kumeza alama ya kutoa. Hakuna aliyepima 19 wala 28. Wa kwanza alipima −19, wa pili −28, na kipimo chenyewe huandikwa dBm. Ile m ya mwisho ni miliwati: tunaulizana nguvu ya mwanga huu ikoje ikilinganishwa na miliwati moja. Ikiwa ni miliwati moja kamili, kifaa kinasoma 0. Ikizidi, namba ni chanya. Ikipungua, ni hasi. Kwa hiyo −28 iko chini ya −19, kama mtu mwenye deni la elfu ishirini na nane alivyo chini ya mwenye deni la elfu kumi na tisa.

Iko chini kiasi gani? Hapa ndipo desibeli inapowachanganya watu, maana si mizani ya sokoni. Kila ukishuka desibeli 3, mwanga umekatwa nusu. Ukishuka 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Ukishuka 20, imebaki moja ya mia. Wewe umeshuka 9, yaani 3 mara tatu: nusu, nusu yake, na nusu yake tena. Imebaki sehemu moja ya nane. Kwa −19 kisanduku chako cha ukutani kilikuwa kinapokea maikrowati 12 na nusu hivi, sasa kinapokea kama 1.6. Mwanga mwingi kati ya ule uliokuwa ukikufikia mwaka jana umeishia njiani.

Umeuliza kwa nini wasiseme asilimia. Wangeweza, ila wangejitia kazi bure. Fikiria mwanga unatoka kwenye mtambo wa kampuni, unapita konekta, yaani kichwa cha kuchomekea uzi, inayobakiza asilimia 93, unaingia kigawanyo kinachobakiza asilimia 9, unatembea kilomita sita, unakutana na kigawanyo kingine, konekta nyingine, mahali nyuzi zilipochomelewa. Ili ujue unachobaki nacho mwisho inabidi uzidishe asilimia kwa asilimia, juu ya nguzo, jua linakuchoma. Kwa desibeli unajumlisha tu: 0.3 ya konekta, 10.5 ya kigawanyo, 0.1 ya kuchomelea. Hata aliyeishia darasa la saba anaijumlisha nyuma ya boksi la sigara.

Walioianzisha walikuwa mainjinia wa simu wa kampuni ya Bell kule Marekani, na kabla yake walikuwa na kipimo ninachokipenda sana, "maili ya kebo ya kawaida". Walikuwa na kisanduku kinachoiga upotevu wa maili kadhaa za waya wa simu. Unasikiliza sauti kwenye laini halisi, unasikiliza kwenye kisanduku, unaongeza maili mpaka sikio liseme zimelingana. Ndiyo kipimo chako hicho: laini hii ina upotevu wa maili 20. Tatizo lake ni kwamba waya hupoteza sauti nyembamba zaidi kuliko nzito, kwa hiyo maili moja haikuwa na thamani moja kwa kila sauti. Miaka ya 1920 wakaiacha, wakatengeneza kipimo cha hesabu tupu, kisha wakakipa jina la Alexander Graham Bell: beli moja, na sehemu yake ya kumi ni desibeli. Tangu hapo imetumika kwenye simu, redio, spika za harusi na sasa kwenye mwanga wa nyumbani kwako.

Sasa tukague maneno ya fundi wa pili, kwamba tatizo ni umbali. Tupige hesabu ya laini kama yako. Namba za laini yako kamili sina, ila hizi ndizo za kawaida kwa mtandao wa faiba za majumbani.

Mtambo wa kampuni hutuma mwanga wa kama +3 dBm, yaani miliwati 2. Mwanga huo una urefu wa wimbi wa nanomita 1490, na kwa urefu huo uzi mzuri hupoteza takriban desibeli 0.25 kwa kila kilomita. Kilomita 6 ni 1.5. Halafu kuna vigawanyo, vile visanduku vinavyochukua uzi mmoja na kuwagawia wateja wengi. Kinachogawa kwa wanane hula kama 10.5, kinachogawa kwa wanne hula kama 7.2. Vikifuatana, jumla 17.7. Weka konekta sita za 0.3, unapata 1.8. Weka sehemu za kuchomelea, 0.6 zote pamoja. Jumla ya upotevu ni 21.6. Toa kwenye +3, unabaki na −18.6.

Fundi wako wa kwanza alipata −19. Umeona? Hesabu ya karatasini na kipimo cha ukutani zimekaribiana hivyo. Na angalia umbali umekula kiasi gani: 1.5 tu kati ya 21.6. Mlaji mkubwa ni kigawanyo, na hicho hakiharibu kitu, kinafanya kazi yake ya kuwagawia majirani. Ili umbali peke yake ukupotezee desibeli 9 za ziada, nyumba yako ingepaswa kuhama kilomita 36 kwenda mbele. Kutoka Kimara ungekuwa umeshaivuka Kibaha. Tena kilomita zile sita zilikuwepo siku ya kufungiwa. Umbali hauongezeki mtu akiwa amelala. Fundi akikupa sababu ambayo ilikuwepo tangu siku ya kwanza, muulize kwa upole ni nini kilichobadilika.

Nitatoka nje ya mada kidogo, maana hii 0.25 watu huichukulia kama kitu cha kawaida. Katikati ya miaka ya 1960 kioo kizuri cha wakati huo kilikuwa kinapoteza kama desibeli 1,000 kwa kilomita. Mwaka 1966 Charles Kao na mwenzake George Hockham, wakiwa kwenye maabara ya simu huko Harlow, Uingereza, walisema kosa si la kioo chenyewe, ni la uchafu uliomo ndani yake, na kwamba kikisafishwa mpaka upotevu ushuke chini ya desibeli 20 kwa kilomita, simu zinaweza kupita humo. Desibeli 20, kumbuka, ni kubakiza asilimia moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndoto! Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa Corning, Marekani, wakapata uzi wa desibeli 17. Leo, kwa mwanga wa nanomita 1550, uzi wa kawaida hupoteza 0.2. Yaani ile asilimia moja ambayo Kao alitaka ibaki baada ya kilomita moja, sisi tunabaki nayo baada ya kilomita 100. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, na ni mwaka huohuo kebo za bahari za kisasa zilipoanza kutia nanga pwani ya Afrika Mashariki: SEACOM na TEAMS, kisha EASSy mwaka 2010. Hata hivyo 0.2 ikirudiwa kilomita elfu kumi ni desibeli 2,000, na huko hapafiki chembe ya mwanga. Ndiyo maana chini ya bahari, kila baada ya makumi ya kilomita, kuna kikuza mwanga kinachoupa nguvu mpya.

Kinachobaki kupotea kwenye uzi safi kinatokana na kioo chenyewe. Molekuli zake hazijapangika sawasawa, na mwanga ukipita unatawanyika kidogo pande zote. Mwanga wa wimbi fupi hutawanyika zaidi sana, na ndiyo sababu ileile ya anga kuwa la buluu. Kwa hiyo faiba hutumia mwanga wa wimbi refu usioonekana kwa jicho. Nakusihi hapo: ukiona ncha ya uzi imechomoka na haitoi mwanga, usiisogeze jichoni uhakikishe. Mwanga upo, wewe ndiye usiyeuona.

Basi, zile desibeli 9 zimepotelea wapi? Mita aliyokuja nayo fundi haiwezi kujibu swali hilo. Inakwambia umefika na kiasi gani, kama konda anayehesabu abiria mwisho wa safari bila kujua nani kashukia wapi. Halafu ina mtego wake: lazima iwekwe kwenye urefu wa wimbi unaopimwa. Mita iliyoachwa kwenye 850 wakati mwanga ni 1490 itakupa namba, na namba hiyo itakuwa ya uongo. Nimewaona watu wakibadilisha kebo nzima kwa sababu ya kitufe.

Kifaa cha kutafuta mahali ni OTDR. Hutuma mpigo mfupi wa mwanga ndani ya uzi, kisha husikiliza mwangwi. Ule mwanga unaotawanyika kwenye kioo, sehemu yake ndogo hurudi nyuma, na kifaa hupima umerudi na nguvu gani na baada ya muda gani. Mwanga ndani ya kioo huenda kama kilomita 204,000 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi wa mahali palipo kilomita moja hurudi baada ya maikrosekunde 10 hivi. Skrini ya kifaa inakuchorea mstari unaoteremka taratibu. Huo ndio upotevu wa kilomita. Mstari ukichomoza mwiba, hapo kuna konekta. Ukishuka ngazi ghafla bila mwiba, hapo uzi umechomelewa vibaya au umekunjwa. Ukianguka kwenye makapi ya kelele, uzi umeishia hapo. Wakati mwingine mstari unapanda ngazi, na fundi mgeni anafurahi kwamba amepata mwanga wa bure. Hakuna mwanga wa bure. Ni nyuzi mbili za aina tofauti zimeunganishwa, na wa pili unarudisha mwangwi mkubwa kuliko wa kwanza. Unapima toka ncha zote mbili, unachukua wastani.

OTDR nayo hupima kioo, haipimi barabara. Nililipia somo hilo Morogoro. Kifaa kilisema uzi umebanwa kwenye mita 2,340. Tukaburuza gurudumu la kupimia barabarani mpaka 2,340, tukachimba. Hakuna kitu, kebo inang'aa kama mpya. Tukachimba mita tano mbele, mita tano nyuma. Jioni mzee mmoja aliyekuwa ametuangalia tangu asubuhi akauliza kama tunatafuta dhahabu. Nikiwa nimekaa ukingoni mwa shimo ndipo nikakumbuka mashimo ya kebo tuliyoyapita: sita, na kila moja lina kebo ya akiba imeviringishwa, mita 25. Mita 150 za kebo zilikuwa zimejikunja chini ya mifuniko, gurudumu letu haliwezi kuzijua. Tulirudi nyuma mita 150, tukakuta nguzo mpya ya geti imesimikwa juu ya kebo. Mzee alicheka, na mimi nilimwacha acheke.

Turudi kwako. Vitu vinavyopoteza desibeli 9 kwa ghafla ndani ya nyumba ni viwili: uchafu kwenye konekta, au uzi uliokunjwa.

Kwa uchafu, jua kwamba sehemu ya uzi inayobeba mwanga ina kipenyo cha maikromita 9 hivi. Unywele wako ni mnene mara kadhaa. Ukiitazama ncha ya konekta kwa darubini ya mafundi unaona duara safi la kijivu na kitone katikati. Mtu akiigusa kwa kidole, unaona mafuta yametapakaa juu ya kitone kama ukungu wa mchuzi kwenye sahani. Mafundi wengine huifuta kwa shati. Shati ndilo lenye vumbi. Kuna na kosa jingine: konekta za kijani zimekatwa mshazari wa digrii 8, za buluu zimekatwa bapa. Zinaingiliana vizuri tu kwa mkono, ila kioo hakigusani na kioo, na mwanga mwingi unapotelea hapo. Rangi mbili zikikutana kwenye kiungo kimoja, umeshapata ugonjwa.

Kwa uzi uliokunjwa, mwanga hukaa ndani ya kioo mradi kona iwe pana. Kona ikibana, unatoka nje kupitia ubavuni, kama gari lililokata kona kwa kasi. Nyuzi za zamani zinataka kona yenye nusu kipenyo cha sentimita 3. Za siku hizi za majumbani zinavumilia hadi sentimita 1, nyingine pungufu ya hapo. Lakini hakuna inayovumilia kubanwa kati ya ukuta na kabati la mninga lenye TV ya inchi 55 juu yake.

Hayo mawili yanatofautishika, na hiki ndicho kipimo ambacho fundi wa pili angekifanya kama angekuwa na vifaa. Kona kali humwaga mwanga wa wimbi refu kuliko wa wimbi fupi. Pima kwa 1310 na kwa 1550: ikiwa 1550 imepotea zaidi sana, tafuta mkunjo. Zikipotea karibu sawa, tafuta uchafu au kiungo kibaya. Mtambo wa kampuni unatuma 1490, ambayo iko upande wa wanaoumia kwenye kona.

Utajiuliza kwa nini intaneti haikupungua kasi pole pole kadiri mwanga ulivyopungua. Haifanyi hivyo. Kwa −15 na kwa −22 kasi ni ileile, na anayekuuzia "mwanga mkali zaidi" ili video zifunguke haraka anakudanganya. Kwanza mwanga ukizidi −8 kisanduku cha kawaida kinapofuka. Visanduku vingi vya nyumbani vimeandikiwa kupokea mpaka −27, vingine huvumilia kidogo chini ya hapo. Ukiwa −28 uko ukingoni mwa korongo. Mtu akipita na kutikisa kabati, taa ya LOS inawaka.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza andika namba ya sasa. Visanduku vingi huonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa kwenye kurasa zake za mipangilio, palepale unapobadilishia nywila ya waifai. Tafuta namba yenye dBm. Kisha sogeza kabati mbali na ukuta, ufuate ule waya mwembamba toka kwenye kisanduku mpaka unapotokea nje. Usichomoe konekta, usifute kitu. Mahali popote ulipobanwa, ulipofungwa na kamba ya plastiki iliyokazwa, au wapaka rangi walipoupigilia msumari wa klipu, ulegeze, na kona yake isiwe ndogo kuliko mdomo wa glasi ya chai. Subiri dakika moja, soma namba tena.

Ikirudi karibu na −19, chukua kalamu ya maka, uandike juu ya kisanduku namba hiyo na tarehe. Fundi wa kwanza ndiye alipaswa kuiandika. Bila namba ya siku ya kufungiwa, kila fundi anayekuja anaanza kubahatisha upya.

Isiporudi, muite fundi, lakini mwombe apime kwenye kisanduku cha nguzo kabla hajagonga mlango wako. Akipata −19 pale na −28 kwako, tatizo liko kwenye zile mita chache za waya wa kuingia ndani, na hizo hubadilishwa kwa mchana mmoja. Akipata −28 palepale kwenye nguzo, basi na majirani zako wanaotegemea kigawanyo hicho huenda wanalalamika pia, kazi ni ya kampuni na OTDR yao, na wewe unaweza kurudisha kabati mahali pake. Acha tu nafasi ya ngumi moja kutoka ukutani.